Vankomaisini kwenye dripu: usiwe na haraka

Mimi ni muuguzi wa wodi, na dawa hii ya kuua bakteria naiheshimu. Kabla ya dozi ya kwanza, chukua damu ya kuotesha bakteria. Gramu 1 ikishayeyuka, ichanganye kwenye angalau mililita 200 za maji ya dripu, ipite kwa muda usiopungua dakika 100. Usiisukume kwa bomba la sindano, wala usiichome kwenye msuli.

Mgonjwa akiwashwa au akiwa mwekundu usoni na shingoni, simamisha dripu, mwite daktari. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo muulize kama anahisi joto. Akikosa pumzi, hiyo ni dharura.

Figo ndizo hunitia wasiwasi zaidi: fuatilia kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo) na mkojo, hasa akitumia pia jentamaisini, dawa nyingine ya bakteria inayoweza kudhuru figo.