Kuandaa rolba ya Mazda MX-5 ipite ukaguzi wa usalama kabla ya mbio

Rolba ni fremu ya mabomba ya chuma nyuma ya viti, inayomkinga dereva gari likipinduka. Nyingi hukwama kwenye ukaguzi kwa sababu ya bati lililo chini yake, wala si kwa sababu ya bomba. Bodi ya MX-5 ya kizazi cha kwanza na cha pili (1989 hadi 2005) ni bati jembamba, na gari likipinduka mzigo wote hushukia kwenye nyayo nne za rolba, yaani ncha za chini zinazofungwa kwenye bodi. Wayo wenye pleti ndogo hutoboa sakafu, upinde huzama, na kinachofuata kugusa lami ni kichwa cha dereva. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu nyayo.

Vipimo vya bomba na pleti vilivyomo humu ni vya FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari), Kiambatisho J, kifungu cha 253. SCCA, klabu ya mbio za magari ya Marekani, ina kanuni zake, zilizoandikwa kwa inchi, na klabu yako inaweza kuwa na zake pia. Chapisha kanuni za mbio unazoingia uwe nazo mkononi, maana mkaguzi atahukumu kwa hizo tu. Anayeandaa gari la rali, iwe Kenya, Uganda au kwingine, ajue kwamba rali za kanuni za FIA hudai keji kamili, yaani kizimba cha mabomba kinachozunguka chumba chote cha dereva. Rolba peke yake haitoshi.

Hatua ya 1: Ipime rolba kabla hujailipia

Upinde mkuu uwe wa bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono, kipenyo milimita 45 na unene 2.5, au kipenyo 50 na unene 2.0. Mihimili ya nyuma (inayouegemeza upinde kutoka nyuma) na ule wa mshazari iwe 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Mihimili ya nyuma iwe imenyooka na iinamie nyuma angalau nyuzi 30 kutoka wima.

Pitisha kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) kwenye kila kona. Bomba likibonyea wakati wa kukunjwa, gawanya kipenyo kidogo kwa kikubwa: jibu lisipungue 0.9. Ukiona mikunjo midogo upande wa ndani wa kona, rudisha mali dukani.

Rolba za urembo, zile pete mbili zinazong'aa nyuma ya viti bila mhimili wa mshazari, usizipotezee muda. Hakuna kiraka kitakachozipitisha.

Kwa mbio za SCCA, kagua pia tundu la ukaguzi, kipenyo kama milimita 5, kwenye upinde mkuu. Mkaguzi hupimia hapo unene wa bomba. Usilizibe kwa rangi wala kwa kuchomelea.

Hatua ya 2: Pima kichwa kabla ya kutoboa chochote

Weka rolba mahali pake bila bolti. Dereva akae kwenye kiti kitakachotumika siku ya mbio, mkanda umekazwa, helmeti kichwani. Laza mpini wa ufagio kutoka kilele cha upinde hadi ukingo wa juu wa fremu ya kioo cha mbele. Helmeti isiuguse. Lenga nafasi ya sentimita 5 ili usibishane na mtu. Dereva mrefu kwenye gari hili atalazimika kupunguza sponji ya kiti au kufunga kiti kisichosogea kilicho chini zaidi. Asijiinamishe wakati wa kupimwa. Mkaguzi mzoefu humwambia akae wima.

Hatua ya 3: Kutoboa

Toa kapeti na plastiki za nyuma ya viti, kisha chomoa betri. Tangi la mafuta liko nyuma ya viti, chini ya bati la rafu, na mabomba yake yako karibu. Kabla ya kila tundu, ingia chini ya gari uone biti itatokea wapi. Pasipoonekana, shusha tangi, usikisie. Visha biti kipande cha bomba kama kizuizi ili isizame zaidi ya sentimita moja.

Tumia wayo wa rolba kama kiolezo. Anza na biti ya milimita 3, malizia na 8.5 kwa bolti za M8 (kipenyo milimita 8). Fagia vumbi lote la chuma, kwa sababu hupata kutu haraka na kula rangi. Paka prima ya zinki kwenye kingo za tundu na uache ikauke.

Hatua ya 4: Pleti za chini

FIA hutaka kila wayo wa upinde mkuu ukae kwenye pleti ya chuma yenye unene usiopungua milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 120 (mfano 10 kwa 12), iliyochomelewa kwenye bodi, na bolti tatu za M8 za daraja la uimara 8.8. Nyayo za mihimili ya nyuma: sentimita za mraba 60, bolti mbili. Klabu nyingi za amatea hukubali pleti isiyochomelewa, mradi ibane bati kutoka chini na iwe sawa kwa ukubwa na unene na wayo wa juu. SCCA hutaka unene wa inchi 3/16, karibu milimita 4.8.

Makosa hapa ni matatu. La kwanza ni kuacha lami ya kuzuia kelele kati ya pleti na bati: huminywa polepole, na bolti iliyokazwa vizuri leo italegea. Ikwangue yote, juu na chini. La pili ni pleti bapa kwenye bati lililopinda. Ukikaza, bati hufuata bolti na kubonyea. Kunja pleti ifuate umbo la bodi, wala usijaze uwazi kwa washa. La tatu ni pembe kali, ambazo hukata bati kama patasi. Zipige msasa ziwe mviringo.

Hatua ya 5: Kukaza

Ingiza bolti zote kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa zamu kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza). M8 ya 8.8 huchukua kama Nm 25. Mtengenezaji akitaja kipimo kingine, fuata chake. Tumia nati za kujifunga zenyewe, mpya, na nyuzi mbili za bolti zichomoze nje ya nati. Chora mstari wa rangi kutoka nati hadi pleti.

Hatua ya 6: Sponji na mikanda

Sponji ya kufunika mabomba ya maji haikubaliki. Hunywea kabisa kichwa kikigonga. Nunua yenye alama ya SFI 45.1 (SFI ni shirika la Marekani la viwango vya vifaa vya mbio) au FIA 8857-2001, na uache alama ionekane. Funika kila mahali helmeti inapoweza kufika. Ukiendesha gari hilo mjini bila helmeti, hata sponji hiyo ni ngumu kwa fuvu, kwa hiyo kiti kiwe na egemeo la kichwa linalozuia kichwa kufika kwenye bomba.

Mikanda ya mabega ifungwe kwenye bomba la mlalo la rolba, isishuke zaidi ya nyuzi 20 kutoka mabegani. Ikifungwa sakafuni hukandamiza uti wa mgongo wakati wa kugonga. Soma tarehe: lebo ya SFI 16.1 huisha miaka 2 baada ya kutengenezwa.

Siku ya ukaguzi

Acha kapeti nyumbani. Beba picha za pleti zilizopigwa kabla hazijapakwa rangi, kipimo kikionekana pembeni, kwa kuwa mkaguzi hatalala chini ya kila gari. Baada ya kipindi cha kwanza uwanjani, angalia mistari ya rangi kwenye nati. Uliokatika maana yake nati imezunguka: fungua wayo huo utafute lami au uwazi ulioachwa, weka nati mpya, ndipo ukaze.