Jinsi ya Kufuatilia Kesi ya Kibaka wa London ya Mwanzoni mwa Karne ya 19

Anayefungua kwa mara ya kwanza kumbukumbu za makosa madogo ya London ya mwanzoni mwa karne ya 19 hukutana na mistari mifupi sana: jina, umri, kosa, adhabu. Mistari hiyo inaonekana kujitosheleza, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Neno lililoandikwa kwenye safu ya kosa mara nyingi hueleza kile ambacho mlalamikaji, konstebo na hakimu walikusudia kumfanyia mtu huyo kuliko kile alichokitenda mwenyewe. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa historia, mwandishi wa hadithi na mtafiti yeyote anayetaka kuichukua kesi moja ndogo na kuifuata hatua kwa hatua bila kudanganywa na ufupi wake.

Tarehe kwanza

Kabla ya kusoma jina la mshtakiwa, soma mwaka. Katika miongo hiyo sheria za Uingereza kuhusu wizi zilibadilishwa mara nyingi kiasi kwamba kesi mbili zinazofanana kwa kila kitu, zikitenganishwa na miaka miwili tu, zinaweza kuwa na uzito tofauti kabisa. Mtu aliyemchomolea mwenziwe leso mfukoni mwaka 1807, bila mwenye leso kuhisi, alikuwa akikabili kosa la kunyongwa endapo thamani ya leso ilizidi shilingi moja. Mwaka 1808 Samuel Romilly, mwanasheria na mbunge, alifanikiwa kulishawishi Bunge liondoe adhabu hiyo ya kifo. Andika pembeni miaka mingine utakayoihitaji: 1824 kwa sheria ya uzururaji, 1827 kwa marekebisho ya sheria ya wizi, 1829 kwa polisi wapya wa Robert Peel, waziri wa mambo ya ndani, na 1839 kwa sheria zilizopanga upya polisi na mahakama zao.

Mahali

Sheria ya mwaka 1792 ilianzisha ofisi saba za polisi nje ya City (kitovu kikongwe cha London chenye utawala wake), kila moja ikiwa na mahakimu watatu wanaolipwa mshahara. Ofisi hizo zilikuja kujulikana kwa mitaa na majengo yake: Queen Square, Great Marlborough Street, Hatton Garden, Worship Street, Lambeth Street, Shadwell na Union Hall huko Southwark. Bow Street ilikuwapo kabla yao na ilibaki na hadhi yake ya pekee, na baadaye ofisi ya mto Thames huko Wapping ikaongezwa kushughulikia wizi wa bandarini na melini. Ndani ya City yenyewe mambo yalikuwa tofauti, kwa maana Meya aliketi Mansion House na wazee wa mji waliketi Guildhall. Mpaka huu si jambo dogo. Mvulana aliyekamatwa Fleet Street alikuwa wa City. Kama angekimbia hatua chache kuelekea magharibi, akapita lango la Temple Bar lililokuwa mpakani na kukamatiwa Strand, angefikishwa Bow Street, mbele ya mahakimu wengine wenye mazoea mengine. Kwa kesi za Manchester, tafuta New Bailey, jela na mahakama ya ng'ambo ya mto huko Salford, ambako hakimu wa kulipwa aliwekwa tangu mwaka 1813.

Tahadhari moja inahitajika hapa. Ukisoma «ofisi ya polisi» katika maandishi yaliyotangulia mwaka 1839, usifikirie kituo chenye askari na mahabusu. Hicho kilikuwa chumba cha hakimu, chenye makarani wake na makonstebo wachache waliokuwa chini ya hakimu huyohuyo. Polisi wa Peel, walioanza doria tarehe 29 Septemba 1829, hawakuwa chini yake, na kwa miaka kumi vikosi hivyo viwili viliishi pamoja kwa kuoneana wivu, hadi mwaka 1839 mahakimu walipobaki na kazi ya kusikiliza mashauri pekee.

Nani alimleta

Swali la tatu ni la mkono uliomfikisha mshtakiwa mbele ya hakimu. Kabla ya mwaka 1829, aliyekamatwa usiku kwa kawaida alishikwa na mlinzi wa parokia, akafungiwa kwenye nyumba ya walinzi na kupelekwa kwa hakimu asubuhi pamoja na walevi na wagomvi wa usiku huo. Baada ya hapo, konstebo mwenye sare ndiye anayetokea mara nyingi zaidi, na kesi za ulevi, fujo na kuzubaa barabarani zinajaa kwenye kumbukumbu. Usiharakishe kusema kwamba tabia za watu zilikuwa zimeharibika. Kilichoongezeka kwa hakika ni macho ya kuwatazama.

Katika kesi za wizi, hata hivyo, aliyebeba mzigo ni aliyeibiwa. Hapakuwa na mwendesha mashtaka wa serikali kwa makosa ya aina hii. Mwenye duka aliyepoteza jozi ya viatu ndiye aliyepaswa kuja kuapa, kuleta mashahidi, kujifunga kwa ahadi ya fedha kwamba ataendelea na kesi, na kisha kuacha biashara yake kwa siku kadhaa akisubiri zamu mbele ya jopo la raia walioamua kesi. Sheria ya mwaka 1826 ilipanua uwezo wa mahakama wa kumrudishia gharama, lakini muda uliopotea haurudishwi. Kwa hiyo unapokuta maelezo kwamba mlalamikaji hakutokea na mshtakiwa akaachiliwa, usiyasome kama tamko la kuwa hana hatia. Huenda mali ilirudishwa kimyakimya, huenda mama wa kijana alikwenda kuomba msamaha, na huenda mwenye duka alipiga hesabu akaona viatu havistahili usumbufu huo.

Shtaka, mahali pa kutulia zaidi

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote, na ni vyema kusoma polepole. Katika nusu ya kwanza ya karne hiyo, hakimu wa ofisi ya polisi hakuwa na mamlaka ya kumhukumu mtu kwa wizi wa kawaida. Kazi yake ilikuwa kusikiliza ushahidi wa awali na, akiridhika, kumpeleka mshtakiwa mbele ya jopo la raia 12, ama Old Bailey, mahakama kuu ya jinai ya London, ama Clerkenwell, kwenye vikao vya Middlesex, kaunti iliyobeba sehemu kubwa ya London nje ya City. Ni mwaka 1847 tu ambapo mahakimu waliruhusiwa kumaliza wenyewe kesi za wizi mdogo za watoto wasiozidi miaka 14. Umri huo ulipandishwa hadi 16 mwaka 1850, na watu wazima walioiba kitu cha thamani isiyozidi shilingi 5 wakaingizwa mwaka 1855, kwa ridhaa yao.

Hakimu aliyetaka kumfunga kibaka leoleo, bila jopo na bila kumsumbua mwenye mali, alihitaji basi jina lingine la kosa. Sheria ilimpa majina ya kutosha. Sheria ya uzururaji ya mwaka 1824 ilimruhusu kumfunga hadi mwezi mmoja mtu aliyeitwa mvivu na mkorofi, na hadi miezi mitatu aliyeitwa tapeli mzururaji. Kundi hili la pili liliwajumuisha wanaoshukiwa au wanaojulikana kuwa wezi, wakikutwa wakirandaranda mitaani kwa nia ya kuiba. Hapakuhitajika kitu kilichoibwa wala mtu aliyeibiwa; neno la konstebo kwamba anamfahamu huyu lilikuwa na uzito mkubwa. Sheria ya mahakama za polisi ya mwaka 1839 iliongeza kosa la kupatikana na mali inayoshukiwa kuwa ya wizi bila kutoa maelezo ya kuridhisha, ambalo adhabu yake ilikuwa faini isiyozidi pauni 5 au kifungo kisichozidi miezi 2. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifungu cha kukitazama kwa jicho kali kuliko vingine vyote, kwa kuwa kilimgeuzia maskini kazi ya kuthibitisha kwamba kilichomo mikononi mwake ni chake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwaka 1840, saa kumi na mbili asubuhi, mwanamke mmoja anasimamishwa Whitechapel akiwa na kopo la bati chini ya shali. Makopo ya aina hii yalikuwa mali ya wenye baa, ambao walipeleka bia hadi majumbani na kuwatuma vijana wao kuyakusanya baadaye milangoni na kwenye vyuma vya uzio. Jina la baa lilichongwa juu yake, na mwizi aliyajua maduka ambayo yangeyapokea na kuyayeyusha bila maswali. Jina likisomeka na mwenye baa akikubali kuja mahakamani Lambeth Street, kesi ni ya wizi na itakwenda kwa jopo. Jina likiwa limekwanguliwa, au mwenye baa akisema hana muda, mwanamke huyohuyo anahukumiwa kwa dakika chache kwa kupatikana na mali inayoshukiwa. Na kama angekutwa dakika tano mapema, mikono mitupu, akipita mlango hadi mlango, huenda angefungwa kama mwizi anayejulikana chini ya sheria ya 1824. Mtafiti anayehesabu wizi wa Whitechapel kwa kutazama neno «wizi» pekee atamkuta mara moja tu kati ya njia hizo tatu.

Makosa mengine ni mepesi kusomeka. Shambulio la kawaida, kuanzia 1828, liliweza kumalizwa na mahakimu wawili kwa faini isiyozidi pauni 5, na kesi hizi zina thamani kubwa kwa anayetafuta sauti za wanawake waliowalalamikia waume zao. Sheria ya polisi ya 1839 ilitoza faini hadi shilingi 40 kwa orodha ndefu ya kero za barabarani, zikiwemo kurusha tiara na kuteleza juu ya barafu kwa kuwasumbua wapita njia, na kugonga kengele za milango ya watu bila sababu. Shilingi 40 zilizidi ujira wa wiki wa fundi stadi, kwa hiyo kwa mtoto wa mtaani faini ya aina hiyo, isipopunguzwa sana, ilikuwa jina lingine la jela.

Thamani ya mali

Fedha za wakati ule zilihesabiwa kwa peni 12 kwa shilingi na shilingi 20 kwa pauni. Katika maandishi shilingi huonyeshwa kwa herufi s na peni kwa herufi d. Hadi mwaka 1827 wizi wa kitu kisichozidi shilingi moja ulikuwa daraja la chini, na kuiba vitu vya shilingi 40 au zaidi ndani ya nyumba ya kuishi lilikuwa kosa la kunyongwa, kiwango kilichopandishwa mwaka huo hadi pauni 5. Kwa hiyo linganisha daima thamani iliyoandikwa kwenye shtaka na ile iliyotajwa kwenye uamuzi. Ukikuta jopo la mwaka 1815 limemtia mtu hatiani kwa shilingi 39, ilhali orodha ya mali zilizoibwa inafika pauni kadhaa, umeona wanajopo wakimnusuru mtu na kitanzi kwa kupunguza hesabu makusudi. Kwa sababu hiyo usitumie tarakimu hizi kukadiria bei za sokoni.

Hatima

Aliyerudishwa rumande bado hajahukumiwa. Mara nyingi polisi walihitaji siku chache za kuzunguka kwenye maduka ya rehani. Waliofungwa na mahakimu wa Middlesex walipelekwa sana kwenye jela za Coldbath Fields au Tothill Fields, na kuanzia miaka ya 1820 kazi ngumu huko Coldbath Fields ilimaanisha pia kupanda gurudumu la kukanyaga lililobuniwa na mhandisi William Cubitt. Waliohukumiwa na jopo kupelekwa ng'ambo kwa miaka 7 hawakufika wote New South Wales au Van Diemen's Land (Tasmania ya leo), makoloni ya Australia. Baadhi walitumikia muda wao katika meli kuukuu zilizogeuzwa jela. Adhabu iliyotamkwa na adhabu iliyotumikiwa ziandikwe katika safu mbili.

Magazeti na rejista

Kwa kesi zilizoishia kwa hakimu, gazeti mara nyingi ndilo shahidi pekee uliyenaye. Lisome ukikumbuka wanunuzi wake. Kati ya 1815 na 1836 ushuru wa stempu ulikuwa peni 4 kwa kila nakala, na gazeti likawa kitu cha wenye nafasi. Morning Herald, katika miaka ya 1820, lilijipatia wasomaji wengi kwa kuzigeuza asubuhi za Bow Street kuwa vichekesho, na walioonekana kuchekesha walikuwa Waairishi, walevi na wachuuzi, ambao matamshi yao yaliandikwa kwa tahajia ya kuwakejeli. Chukua kutoka humo tarehe, jina la hakimu, mahali na uamuzi; maneno yaliyowekwa kinywani mwa mshtakiwa yachukulie kuwa ya mwandishi hadi upate ushahidi mwingine.

Kesi iliyopelekwa kwa jopo ina njia bora zaidi. Kumbukumbu zilizochapishwa za Old Bailey zinapatikana bure kwenye intaneti na zinatafutika kwa jina, kwa kosa na kwa mwaka. Rejista za jinai zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew: mfululizo wa HO 26 ni wa Middlesex kuanzia 1791, na HO 27 ni wa Uingereza na Wales kuanzia 1805. Tafuta jina kwa tahajia zote unazoweza kuzifikiria, kwa kuwa karani aliandika alichosikia, na washtakiwa wazoefu walijua faida ya kubadili jina. Ukiona kwamba mtu alipelekwa kwa jopo lakini hamna kesi yake kwenye kikao kilichofuata, angalia kwanza vikao vya Clerkenwell, kisha urudi kwenye rejista kuona kama baraza kuu, lililochuja mashtaka kabla ya kusikilizwa, lililikataa shtaka lake. Katika hali hiyo aliachiliwa bila jopo kumwona.