Hati za Mzazi Mzee: Anzeni na Zile za Uhai Wake

Familia zikikaa kupanga mambo ya mzazi aliyezeeka, nyingi huanza na wosia. Lakini wosia hauna nguvu mpaka mwenyewe afariki, na shida ya kwanza kwa kawaida huja kabla ya hapo: mzazi yu hai, ila kiharusi au ugonjwa wa kusahau umemwondolea uwezo wa kuamua, na benki haimsikilizi mtoto hata kama ndiye anayemuuguza. Hapo inabidi mahakama iombwe kuteua msimamizi, na njia hiyo ni ndefu na ya gharama.

Anzeni na hati ya uwakili, yaani hati ambayo mzazi humpa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yake, mzazi akiwa bado na akili timamu. Katika nchi nyingi hati ya kawaida hukoma aliyeitoa anapopoteza uwezo wa akili, yaani siku ileile mnayoihitaji. Mwambieni wakili mnataka inayoendelea hata baada ya hapo, kama sheria ya kwenu inairuhusu, na iandikwe hivyo waziwazi. Itaje kazi mojamoja: kutoa fedha benki, kupokea pensheni, kulipa hospitali, kupangisha nyumba. Kuuza ardhi kutajwe peke yake, kuruhusiwe au kukatazwe, maana ndipo ndugu hugombana. Wekeni na mwakilishi wa pili, wa kushika nafasi yule wa kwanza akishindwa. Maamuzi ya matibabu mara nyingi huhitaji hati yake ya pekee.

Uwakili huisha mzazi anapofariki. Anayeutumia kutoa fedha baada ya msiba anajitafutia kesi.

Tunawasihi msiandike jina la mtoto mmoja kwenye hati ya nyumba ili "kurahisisha mambo". Mtoto huyo anakuwa mmiliki kweli. Akidaiwa au ndoa yake ikivunjika, nyumba ya mzazi inaingia kwenye mgogoro usiomhusu.

Wosia nao uwe na msimamizi wa kuutekeleza, mbadala wake, na kifungu cha mali ambayo haikutajwa. Mashahidi wawe angalau wawili, wasiwe warithi, na wote wawepo mzazi anaposaini. Mrithi akishuhudia, anaweza kupoteza fungu lake. Kwa Muislamu, wosia hauvuki theluthi moja ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni, wala haumwongezei mrithi bila ridhaa ya warithi wenzake.

Kagueni pia majina yaliyoandikwa kwenye bima na mfuko wa pensheni. Mara nyingi fedha hizo hazipitii wosia, na jina la mwenzi aliyeachwa miaka mingi iliyopita linaweza kuwa bado lipo.

Msichomoe pini za wosia halisi ili kutoa kopi, kwani matundu ya ziada huzua shaka kwamba ukurasa umebadilishwa. Na wosia usifungiwe kwenye sanduku la benki lililo kwa jina la mzazi peke yake. Msimamizi ajue ulipo na aweze kuufikia.