«À jeun» kwenye karatasi ya daktari

Ukiandikiwa kwa Kifaransa *à jeun* Bujumbura, Lubumbashi au Ufaransa, maana yake ni tumbo tupu. Usiitafsiri «kufunga» ukaishia hapo, maana mgonjwa atadhani ni kama saumu ya Ramadhani na ataacha hata maji. Kwa vipimo vingi vya damu maji matupu yanaruhusiwa, na husaidia hata mshipa uonekane vizuri. Kinachoharibu kipimo ni chai ya sukari, maziwa, juisi. Kijiko kimoja tu cha sukari kwenye chai ya alfajiri kinatosha kupotosha majibu. Kwa kawaida hukaa muda wa saa 8 hadi 12 bila kula: ukila saa mbili usiku, damu itolewe saa mbili asubuhi.

Kabla ya upasuaji masharti ni makali zaidi, hata maji yana saa yake ya mwisho. Fuata uliyoelekezwa na mtaalamu wa usingizi.

Kwenye majibu utaona *glycémie à jeun*, yaani sukari ya damu kabla ya kula. Mara nyingi huandikwa kwa gramu kwa lita: 1,26 ni sawa na milimoli 7 kwa lita, na ikifika hapo au kuzidi mara mbili, siku tofauti, ni kisukari. Alama ya mkato hapo ni nukta ya desimali.

Anayetumia insulini aulize kwanza kuhusu dozi ya asubuhi hiyo. Kuchoma sindano kama kawaida bila kula kunaweza kumwangusha.