CCIE Enterprise hatua kwa hatua, kuanzia mtihani wa kwanza mpaka labu ya masaa 8

Naongelea CCIE Enterprise Infrastructure, cheti cha ngazi ya juu cha mitandao cha Cisco, ile ya ruta na swichi. Labu ni mtihani wake wa vitendo. CCIE ya Security na nyinginezo mpangilio wake haupishani sana.

Hatua ya 1: jipime msingi. Cisco hawakudai uwe na CCNA wala CCNP ndo uingie CCIE, mlango uko wazi kwa yeyote, ila isikudanganye hiyo. Kama kugawa subneti bado unatafuta kikokotoo, au huwezi kueleza swichi zinachaguaje root bridge (swichi inayokuwa kiongozi wa nyingine), rudi kwanza huko.

Hatua ya 2: piga ENCOR, mtihani wa maandishi, namba yake 350-401. Ni dakika 120, na tangu Februari 2020 walipopangua mfumo ndo tiketi ya kukupeleka labu. Soma kwa kufuata orodha ya mada wanayotoa wenyewe Cisco, na madampu ya maswali (yale yaliyovuja) achana nayo kabisa, yanaweza kukupitisha hapa alafu labu ikakuanika.

Hatua ya 3: jenga labu yako. EVE-NG, GNS3 au CML, ni programu za kuigiza mtandao kwenye kompyuta, tumia yoyote utakayoizoea, cha maana ram iwe ya kutosha. Catalyst Center (mfumo wa Cisco wa kusimamia mtandao) usihangaike kuisimamisha nyumbani maana inakula ram ya seva nzima, tumia sandbox za DevNet (labu za Cisco za kujaribia mtandaoni) au kodi masaa kwa wenye vifaa.

Hatua ya 4, na hapa ndo muda wako mwingi uishie: jenga, vuruga, rekebisha. Kuandika konfigi kila mtu anaweza, kazi ni kujua kwa nini imegoma. Chukua mfano huu, EIGRP upande mmoja, OSPF upande wa pili (zote ni protokali za ruta kupeana njia), ruta R1 na R2 zote mbili zinafanya redistribution, yaani kuhamisha njia kutoka protokali moja kwenda nyingine, kwenda na kurudi. Sasa ingiza njia ya nje kwenye EIGRP, itakuwa na distance 170 (kipimo cha kuaminika kwa njia, namba ndogo ndo inashinda). R1 inaipeleka OSPF, R2 inaisikia kutoka OSPF kwa 110, na kwa kuwa 110 inaishinda 170 R2 inaacha njia sahihi inashika hiyo ya kuzunguka, alafu inairudisha tena EIGRP, hapo paketi zinaweza kuanza kuzunguka mpaka TTL (idadi ya hatua paketi inayoruhusiwa) inaisha. Piga traceroute uone ruta zilezile zinavyojirudia. Dawa ya mzunguko huo wa paketi ni kuweka tag (alama) njia inapovuka kwenda OSPF, na kwenye route-map (kanuni za kuchuja njia) ya kurudi unazuia chochote chenye tag hiyo, kwenye ruta zote mbili sio moja. Fanya mpaka uweze bila kuangalia popote, alafu ongeza ruta ya tatu uone kama bado umeelewa au ulikariri.

Vilevile majirani wa OSPF wakikwama EXSTART (hatua ya mwanzo ya kubadilishana taarifa), kabla hujagusa kitu angalia MTU (ukubwa wa juu wa paketi) za intafesi pande zote mbili. Vitu vya namna hii lazima viwe mkononi, labu haikupi nafasi ya kuanza kuwaza.

Python na YANG (za kuendesha vifaa kwa programu) na SD-WAN (mtandao wa matawi unaosimamiwa kwa programu) wengi wanaziacha mwisho wakidhani zitajipa. Hazijipi. Zigusie kila wiki hata kidogo.

Hatua ya 5: siku yenyewe. Masaa 3 ya kwanza ni Design, hakuna kukonfigi, unasoma nyaraka na kujibu, na ukishavuka swali hurudi nyuma, kwa hiyo usikurupuke. Masaa 5 yanayobaki ni kujenga na kurekebisha, hapa soma kazi zote kwanza maana sharti la huko chini linaweza kubomoa ulichojenga juu. Kila sehemu ina alama zake za chini unazotakiwa kufikisha, uking'aa moja ukaboronga nyingine umefeli. Kila ukimaliza kazi moja hakiki kwa show na ping, hifadhi konfigi, ndo uende nyingine.

Ukipita unapewa namba yako, na kila miaka 3 unahuisha, ama kwa mitihani, ama kwa kukusanya pointi 120 za masomo endelevu. Pointi anza kuzikusanya mapema, mwaka wa tatu ukifika hujaanza utajikuta unasoma usiku tena.