Somo: Filamu za HD kwenye kompyuta ya nyumbani bila picha kuganda

Assalam aleikum ndugu zangu. Hapa Lamu nimeona watu wakiuza laptopu nzima kwa bei ya kutupa, eti filamu zinaganda. Nami nilikaribia kufanya hivyo. Baada ya Maulidi mpwa wangu alileta video ya mashindano ya majahazi aliyoichukua kwa simu. Tukakusanyika sebuleni, mama mbele kabisa. Picha ikaenda sekunde tatu ikasimama. Vigelegele vinasikika, tanga halisogei. Mama akauliza, "Wameshinda nani?" Sikuwa na jibu. Nikakaa na kompyuta ile usiku mzima mpaka nikaelewa tatizo liko wapi, na kompyuta haikuwa mbovu.

Hatua ya 1: Lijue faili lako

Picha ya 720 ina nukta 1280 kwa 720. Ya 1080 ina 1920 kwa 1080. Ya 4K ina 3840 kwa 2160, yaani nukta mara nne ya 1080. Ila ukubwa ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni jinsi video ilivyobanwa. Ubanaji wa H.264 ulitoka 2003 na karibu kila kompyuta inauweza. H.265 ulitoka 2013. Hupunguza faili hadi karibu nusu kwa ubora uleule, lakini kulifungua ni kazi nzito. Kompyuta yenye sehemu maalumu ya kazi hiyo ndani ya chipu hulicheza bila taabu. Isiyo nayo humtwisha prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, mzigo wote, feni inavuma, picha inakatakata.

Kwa prosesa za Intel, kizazi cha 6 kinaiweza H.265 ya kawaida, na ile ya biti 10 (yenye rangi nyingi zaidi) inahitaji kizazi cha 7 kwenda juu. Laptopu ya mtumba ya kizazi cha 4 itacheza 1080 ya H.264 vizuri kabisa, kwa hiyo usiidharau.

Fungua faili kwa VLC, programu ya kuchezesha video (kuiweka ni Hatua ya 2), kisha bonyeza Ctrl na J. Utaona aina ya ubanaji na ukubwa wa picha. Video ya mpwa wangu ilikuwa 4K ya H.265, na laptopu yetu ni ya kizazi cha 4.

Hatua ya 2: Programu

Weka VLC toleo la 3 au jipya zaidi, ukiichukua videolan.org na si kwingine. Ni bure. Ndani ya mipangilio, kwenye sehemu ya kodeki (njia za kubana na kufungua video), ruhusu kadi ya picha isaidie kufungua video.

Hatua ya 3: Faili likiishinda kompyuta

Libadilishe. HandBrake, programu ya kubadilisha video, nayo ni bure: ingiza video, chagua Fast 1080p30, anza. Kwenye mashine ya zamani huchukua saa nyingi, basi iache ifanye kazi usiku. Faili la asili usilifute. Iko siku utapata kompyuta ya kulichezesha. Sisi tulipata nakala ya H.264, na mama akaliona jahazi lililoshinda.

Hatua ya 4: Kuunganisha na tivi

Tumia waya wa HDMI, kwa kuwa VGA, waya wa zamani wa picha, haibebi sauti. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua kurudufu picha. Sauti ikibaki kwenye laptopu, ihamishie HDMI kwenye mipangilio ya sauti.

Na tafadhali, laptopu isiwekwe juu ya godoro. Inaziba matundu ya hewa, prosesa inapata joto, inajipunguza kasi yenyewe, na filamu inaanza kukwama katikati.

MASWALI

Kutoka Shela: Kaka, flashi yangu ina nafasi gigabaiti 14 lakini inakataa filamu ya gigabaiti 6. Imeharibika?

Hapana. Imepangwa kwa FAT32, mtindo wa zamani wa kupanga faili kwenye flashi, ambayo haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Hamisha vilivyomo, kisha ipange upya (format) kwa exFAT, mtindo mpya zaidi. Hakikisha kwanza tivi yako inaisoma exFAT, kwani baadhi za zamani haziisomi.

Kutoka Mkomani: Sauti inatangulia midomo. Nifanyeje?

Ndani ya VLC bonyeza K. Kila mara sauti inacheleweshwa milisekunde 50. Ukipitiliza, J inairudisha. Maandishi ya chini yakienda kombo, tumia G na H.

Kutoka Langoni: Wi-Fi iko chini, chumba changu cha kulala kiko ghorofani. Filamu za mtandaoni zinakatika kila dakika.

Dada yangu, nyumba zetu za mawe zina kuta nene na mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 5 huishia ukutani. Jiunge na yale ya 2.4, ni ya polepole zaidi lakini hupenya vizuri. Kwa 1080 unahitaji megabiti kama 5 kwa sekunde, sawa na gigabaiti mbili na robo kwa saa, basi angalia na bando lako.

Kutoka Mpeketoni: Skrini ya laptopu yangu ni 1366 kwa 768. Nikipakua 4K nitaona tofauti?

Skrini haiwezi kuonyesha nukta isizokuwa nazo. Pakua 720 iliyobanwa vizuri. Kama unapanga kuunganisha na tivi kubwa, chukua 1080.