Jinsi ya kupima methani kwenye kinamasi cha mboji huko kaskazini, hatua kwa hatua

Wadau habari zenu. Leo naelekeza jinsi tunavyopima methani inayotoka kwenye vinamasi vya mboji, na mfano wangu ni Stordalen, karibu na Abisko, kaskazini kabisa mwa Sweden, kama kilomita 200 ukishavuka mstari wa Aktiki. Pale chini kuna mboji, yaani majani na kuvumwani vilivyokufa zamani vikalala kwenye maji bila kuoza vizuri, na sehemu nyingine mboji hiyo imeganda mwaka mzima. Sasa barafu ya chini inayeyuka, vilima vya mboji vinavyoitwa palsa vinadidimia, maji yanajaa, na humo ndani ya maji yasiyo na oksijeni kuna vijidudu vinavyotengeneza methani. Kwa hesabu ya miaka 20 kilo moja ya gesi hii inapasha joto kama mara 80 ya kilo moja ya kaboni dioksidi, kwa hiyo namba tunayoitoa kinamasini lazima iwe ya kweli.

Hatua ya 1: Jenga njia ya mbao. Wengi wanakimbilia mashine lakini mimi nasema mbao kwanza. Ukikanyaga mboji karibu na unapopimia unaikamua, mapovu yaliyonasa chini yanatoka yote kwa mpigo, afu unaandika kinamasi kinatoa methani nyingi kumbe ni mguu wako. Hata mwenzako akisimama tu vibaya pembeni inatosha kuharibu kipimo.

Hatua ya 2: Chagua sehemu zisizofanana. Juu ya palsa kukavu methani ni kidogo sana au hakuna, maana gesi ikipanda inapita tabaka lenye oksijeni na humo kuna bakteria wanaoila. Palipolowa penye kuvumwani aina ya Sphagnum inatoka kiasi. Penye Eriophorum, ile nyasi yenye kichwa cheupe kama pamba, hapo ndo inatoka kwelikweli, kwa sababu nyasi hii ina vijia vya hewa toka mizizini mpaka kwenye majani na methani inapanda humo bila kukutana na wale bakteria. Kwa hiyo usikate nyasi ili boksi la kupimia (lile linalofunika sehemu na kunasa gesi inayotoka) likae vizuri, tengeneza boksi refu. (Mafunjo nayo yana vijia vya hewa, anayetaka kupima kinamasi cha Rugezi kule Rwanda alifikirie hili mapema.)

Hatua ya 3: Zamisha fremu. Tunatumia fremu ya alumini ya mraba yenye mfereji kuzunguka juu, boksi litakaa kwenye mfereji huo. Kata mboji kwa kisu kirefu, izamishe fremu sentimita 10 hadi 15, kisha iache wiki kadhaa, ikiwezekana toka msimu uliopita, ili mizizi uliyokata itulie.

Hatua ya 4: Siku ya kupima, kabla hujagusa boksi andika kina cha maji (chomeka bomba la plastiki lenye matundu uache hapohapo), joto la mboji, joto la hewa na presha. Bila hivi namba yako haitaeleza chochote, maana maji na joto ndo vinaamua gesi itoke kiasi gani. Jaza maji kwenye mfereji wa fremu, hayo ndo yanaziba hewa isivuje. Boksi liwe na feni ndogo ndani, kipima joto, na tundu la juu lenye kizibo. Liweke taratibu tundu likiwa wazi ili usisukume hewa chini kwenye mboji, likishakaa sawa ndo uzibe, na uache kijibomba chembamba cha kusawazisha presha.

Hatua ya 5: Subiri. Kama una mashine ya leza inayosoma methani papo hapo dakika 5 zinatosha, kama huna vuta hewa kwa sirinji mara nne au tano ndani ya nusu saa, weka kwenye vichupa, peleka maabara.

Hatua ya 6: Soma grafu. Hewa ya kawaida ina methani kama ppm (sehemu kwa milioni) 1.9 hadi 2, ukianza na 5 jua umetikisa kitu, nyanyua boksi, subiri, anza upya. Unataka mstari ulionyooka unaopanda. Tuseme inapanda ppm 0.3 kwa dakika, na kimo cha boksi pamoja na fremu iliyo juu ya mboji ni mita 0.4. Hewa ya nyuzi 10 kwa presha ya usawa wa bahari ina kama moli 43 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo 0.3 × 43 × 0.4 ni mikromoli 5.2 hivi kwa mita ya mraba kwa dakika, zidisha kwa 16 (gramu za moli moja ya methani) halafu kwa 60 (dakika za saa) unapata karibu mikrogramu 5000, yaani miligramu 5 kwa mita ya mraba kwa saa.

Grafu ikiruka ghafla kama ngazi, hilo ni povu. Wapo wanaofuta kipimo hicho kwa sababu mstari haujanyooka, mimi sikubaliani kabisa, kama hakuna aliyetikisa njia povu lile ni methani halali ya kinamasi, liandike pembeni lihesabiwe kivyake.

Hatua ya 7: Usifungashe mapema. Mwaka 2007 kule Zackenberg, Greenland, watafiti waliendelea kupima mpaka udongo unaganda, wakakuta methani inatoka kwa wingi wakati huo, jumla yake ikakaribia ya kiangazi chote. Kwa hiyo Septemba ikifika na mbu wameisha na wenzako wanaanza kuondoka, wewe acha fremu zako, na upange bajeti ya betri za kufika Novemba maana baridi inazimaliza haraka.